Toyota 86 ya sakiti: shajara ya breki, springi na dirhamu zilizoyeyuka

23 Septemba 2023

Gari limefika. Toyota 86 ya mwaka 2013, nyekundu, gia za mkono, kilomita 118,000 kwenye saa yake. Wenzangu wa chumbani hapa Satwa, Dubai, walilizunguka mara mbili wakitafuta mlango wa nyuma wasiuone. Binamu yangu, ambaye siku zote alidhani nadunduliza fedha za gari la kuendea kazini na kubebea mchele, aliuliza jambo moja tu: "Sasa humu utampakia nani?"

Simpakii mtu. Gari hili ni la sakiti, yaani la kukimbizia kwenye uwanja wa mbio. Miaka minne nimekuwa nikipita karibu na Dubai Autodrome nikiwa kwenye gari la kampuni, nyuma mitungi ya gesi ya viyoyozi inagongana, nikisikia injini za watu zikilia upande wa pili wa ukuta. Msimu huu na mimi niko ndani ya ukuta.

Kwa asiyelijua: Toyota na Subaru walilibuni pamoja, na pacha wake anaitwa BRZ. Injini ni boksa, yaani pistoni zake zimelala ubavu, ya lita 2, farasi 200, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma, uzito kilo 1,250 hivi. Kwa mji huu hizo ni nguvu za kumpeleka mtoto chuoni. Lakini wepesi ndio nilioununua. Kilo ambayo haipo haihitaji kusukumwa, haihitaji kusimamishwa, wala haili tairi.

Nimejiwekea sharti moja: injini haiguswi. Msimu mzima, kuanzia Oktoba hadi Ramadhani, fedha zote zinakwenda kwenye breki, springi na matairi. Bajeti ni dirhamu 6,000. Nikizigeuza kuwa shilingi za Kenya nashikwa na kizunguzungu, kwa hiyo sizigeuzi.

14 Oktoba

Siku ya kwanza. Sakiti ya Dubai Autodrome inaweza kukatwa kwa namna kadhaa: ile ndefu kabisa ni kilomita 5.39, na fupi, waiitayo Club, ni kilomita 2.46. Sisi wanagenzi tulipewa hiyo fupi. Jua lilikuwa linatua, joto bado nyuzi 34, helmeti ya kukodi inanuka jasho la watu wote waliowahi kuogopa ndani yake.

Mizunguko mitatu ya mwanzo niliiendesha kwa adabu. Wa nne nikaanza kujiona. Wa tano, mwisho wa sehemu iliyonyooka, spidi 170, nikakanyaga breki na pedeli ikashuka polepole hadi kwenye kapeti kama mguu unaotumbukia kwenye tope la mikoko. Nikakanyaga tena. Ikashika kidogo. Mara ya tatu ikashika zaidi, lakini kona nilishaipita, nikawa mchangani, naliona gari langu jipya likivukiwa na vumbi lake lenyewe.

Hakuna kilichovunjika. Msimamizi mmoja alikuja na kunitazama kama daktari wa zamu ya usiku anavyomtazama mgonjwa wa malaria. Ameshawaona wengi. "Fluid?" akaniuliza, maana yake mafuta ya breki. Nikaitikia kwa kichwa.

16 Oktoba

Gereji ninayoitumia iko Al Quoz, mtaa wa viwanda hapa Dubai, ya mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe, kimekaa kama kilivyoondoka huko. Sisi sote tunamwita Ami. Nilimweleza habari nzima kuanzia mwanzo, naye akanisikiliza huku anafuta spana.

"Breki zako hazikuharibika, mwanangu. Zimetokota. Gari hili hukulitia breki, umelitia birika."

Tukafungua nipeli, kile kitundu cha kutolea mafuta, kwenye kalipa ya mbele, kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski. Mafuta yaliyotoka yalikuwa rangi ya kahawa ya tangawizi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na pwani hii ya Ghuba unyevu wa Agosti unautwanga kwa mkono. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinashuka hadi 140. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Ndiyo maana mguu unakwenda sakafuni: unasukuma povu.

Usiku nilikaa na kalamu. Gari na mimi na petroli ni kilo 1,350. Kulitoa spidi 170 hadi 80 kunatoa joto la megajuli 1.17 hivi. Joto hilo lingeichukua lita tatu na nusu za maji kutoka bombani na kuzitokosa, na breki zinalipokea katika muda wa kama sekunde tatu. Sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, inakwenda kwenye diski mbili za mbele. Kila diski ina kilo 7 hivi za chuma cha kalibu, kwa hiyo kila nikifunga breki mara moja inapanda nyuzi 120. Kisha sekunde chache za upepo, kisha tena. Mizunguko mitano ya namna hiyo na mafuta ya miaka sijui mingapi. Cha ajabu ni kwamba zilidumu hadi wa tano.

Nilikuwa nimeshaanza kutazama bei za kalipa kubwa za pistoni nne. Ami aliniambia nifunge simu. Kalipa kubwa yenye mafuta mabovu nayo huchemka, tofauti ni kwamba inachemka kwa bei ghali. Diski zangu za mbele ni milimita 294, na kwa gari la uzito huu zinatosha.

22 Oktoba

Kazi ya wiki hii: mafuta mapya (Motul RBF 600, yanayochemka nyuzi 312 kabla hayajanyonya maji), pedi za mbele na nyuma ambazo pakiti yake inasema zinahimili hadi nyuzi 650, na paipu za breki zilizosukwa kwa waya wa chuma badala ya zile za mpira.

Kuhusu paipu niseme ukweli: kwenye joto hazisaidii kitu. Mpira wa zamani huvimba kidogo ukikanyaga kwa nguvu, huu wa waya hauvimbi, basi mguu unapata habari iliyo safi zaidi. Kama fedha ni za mawazo, anza na mafuta na pedi, paipu zitangoja.

Kutoa hewa kunataka watu wawili. Binamu yangu alikaa kwenye usukani, mimi chini na spana ya 10 na chupa ya maji ya kunywa yenye mpira. "Kanyaga!" "Tayari!" "Shika!" Nafungua nipeli, nafunga. "Achia!" Magurudumu manne, mara kumi na tano kila moja, mpaka sauti zetu zikawa kama za makuli wa Kilindini wanaoshusha magunia. Mara mbili aliachia kabla sijafunga, hewa ikaingia upya, tukaanza tena, na mara ya pili nilimwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi kwa biriani.

Ijumaa alfajiri, barabara za nyuma za Al Quoz zikiwa tupu, nikazipika pedi: spidi 80 hadi 20, mara kumi mfululizo, bila kusimama kabisa, halafu dakika 15 za kutembea tu ili zipoe. Lengo ni tabaka jembamba la pedi lijipake sawasawa juu ya diski. Ukisimama tuli diski ikiwa moto, pedi inaacha chapa yake mahali pamoja, na toka siku hiyo usukani unatetemeka na watu wanakwambia diski imepinda, na mara nyingi wala haijapinda. Hata breki ya mkono usiivute mpaka zipoe.

Kasoro: asubuhi zikiwa baridi zinalia kama kinanda kibovu. Mlinzi wa jengo ameshajua nimerudi kabla hajaniona.

4 Novemba

Breki zimekaa. Dakika 20 bila kupumzika na pedeli iko palepale ilipokuwa.

Nilipaka rangi za joto kwenye ukingo wa diski, mistari mitatu: kijani hubadilika ikifika nyuzi 430, chungwa 560, nyekundu 610. Kijani yote iligeuka, chungwa haikuguswa. Kwa hiyo kilele cha joto kilikuwa mahali fulani kati ya 430 na 560, na pedi zangu zina nafasi. Chupa tatu za rangi zimenijibu swali ambalo ningelijibu kwa kununua kalipa za dirhamu elfu kadhaa.

Sasa kwa kuwa sihofii kusimama, nimeanza kuona maradhi mengine. Gari linalala kwenye kona kama jahazi lililopata upepo wa ubavuni. Mabega ya nje ya matairi ya mbele yamelika mpaka maandishi yamefutika, ilhali upande wa ndani bado una vinyweleo vya kiwandani. Tairi linasimama kwa bega badala ya kusimama kwa wayo. Mwalimu aliyekaa nami mizunguko mitatu alisema pua inakataa kugeuka kwa sababu ya hilo, akaongeza kwamba na mimi naingia kwenye kona kwa pupa. La pili nalijua.

11 Novemba

Nimenunua springi fupi Sanaiya ya Sharjah, eneo la viwanda, zimetumika, dirhamu 450 seti nzima, zinashusha gari sentimita 4. Ukiwahi kutembea kwenye vile vichochoro vya vipuri vilivyotumika utanielewa. Milango imerundikwa kama vitabu, injini zimepangwa kama mafenesi, na kila muuzaji ana binamu yake dukani mwa pili mwenye kile ambacho yeye hana. Kwa dirhamu 450 nilijiona mjanja.

Ami hakuniambia kitu. Alizitazama, akazigeuza, akazirudisha chini, akasema, "Haya."

Ningejua maana ya ile "haya" ningezirudisha siku ileile.

25 Novemba

Gari limekuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Limependeza, hilo sikatai, wapiga picha wawili walilisimamia. Lakini likiingia kona ya kasi linakaa vizuri nusu sekunde, kisha linapiga kitu kigumu ndani, tairi la mbele linaruka, na pua inatoka nje. Kwenye tuta la mtaani ninapokaa linabisha hodi kwa meno.

Ami alilipandisha juu na kuniita. "Njoo uone ulichonunua." Shokapu za kiwandani zimetengenezwa kwa urefu wa kiwandani. Nilipozishusha sentimita 4 nimeila karibu safari yote ya kushuka chini, imebaki vidole viwili tu kabla ya fimbo kugota kwenye kile kizuizi cha mpira. Likilala kwenye kona, vidole viwili vinaisha. Kuanzia hapo springi haina kazi tena, gari limekaa juu ya mpira mgumu, na uzito unaruka kwenye tairi kwa kishindo.

Kuna la pili, ambalo nililisoma usiku nikiwa na hasira. Mbele gari hili lina mfumo wa MacPherson, mkono mmoja chini na shokapu juu. Kwenye kona bodi huinama kwa kuzunguka nukta ambayo huioni, na mahali ilipo nukta hiyo hutokana na pembe ya ule mkono wa chini. Ukilishusha gari sentimita 4, mkono unabadili pembe na nukta inaporomoka kuliko bodi ilivyoshuka. Umbali kati ya uzito na nukta unaongezeka, na ndio wenzo wa kulilaza gari. Kwa hiyo nililipa dirhamu 450 niongezewe kulala.

Springi nimempa mtu bure. Alifurahi sana, na mimi sikumficha kitu, nilimweleza yote, lakini na yeye anataka picha.

9 Desemba

Koilova. Zimetumika lakini zilifunguliwa na kufanyiwa huduma, dirhamu 2,400 baada ya vikombe vitatu vya karaki, chai ya maziwa ya huku. Shokapu na springi zimeundwa pamoja, bodi ya shokapu ni fupi, kwa hiyo unaposhusha gari huli safari ya fimbo. Unarefusha au kufupisha sehemu ya chini tu. Juu zina sahani za kusogeza kemba, yaani jinsi gurudumu linavyoinama ndani au nje. Nimelishusha sentimita 2 na nusu, basi. Ukaguzi wa kila mwaka uko mbele yangu, na matuta ya Satwa hayana huruma.

Springi za mbele ni kilo 6 kwa milimita, za nyuma 7. Kijana wa gereji alidhani nimezichanganya, maana mbele ndiko kwenye injini. Sikuzichanganya. Mbele springi imesimama karibu na gurudumu, ugumu wake karibu wote unafika chini. Nyuma springi imekaa ndani zaidi kwenye mkono, gurudumu likipanda sentimita moja yenyewe inabanwa robo tatu tu, na ugumu unaofika kwenye tairi ni robo tatu ya robo tatu. Kilo 7 zinakuwa kama 4. Ukitazama namba za kwenye springi peke yake unadanganyika.

Kufunga kulichukua siku nzima. Boliti moja ya chini upande wa kushoto nyuma ilikuwa imeshikana na bushi yake, tukaitia mafuta, tukaipiga nyundo, tukaichoma moto, ikatoka saa ya magharibi ikiwa imetuachia malengelenge. Jambo moja ambalo Ami alilisimamia mwenyewe: boliti za mikono hazikukazwa gari likiwa juu hewani. Alilishusha kwanza, likakaa kwa uzito wake, ndipo akazikaza. Bushi ikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unajisokota siku zote gari likiwa chini, na baada ya miezi unachanika.

16 Desemba

Alaimenti, kupanga pembe za magurudumu, ilikuwa vichekesho. Nilikwenda mahali penye mashine mpya inayong'aa nikamwambia fundi: kemba ya mbele nyuzi hasi 2.5 (juu liiname ndani), ya nyuma iache ilipo kwenye hasi 1.9, magurudumu ya mbele sambamba kabisa, ya nyuma yatazame ndani kidogo tu. Akaweka sensa, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Kompyuta inasema nyekundu."

Najua inasema nyekundu. Nimeiomba iseme nyekundu.

"Nyekundu siwezi kukupa karatasi."

Sitaki karatasi. Tukazunguka hivyo robo saa. Kila akigeuka kunichukulia meneja, mkono wake unairudisha kemba kwenye sifuri ili kioo kiwe kijani. Mwisho nikalipa dirhamu 200 kwa gari lililonyooka kama askari, nikarudi Al Quoz, na Ami akanifanyia kwa uzi, rula na pima maji ya kidijitali. Tulinyoosha uzi wa mvuvi pande zote mbili za gari juu ya stendi, tukapima umbali hadi ukingo wa rimu mbele na nyuma. Saa tatu za kazi. Tulipokuja kuhakiki kwenye mashine nyingine, tofauti ilikuwa dakika chache za nyuzi.

Katikati ya Januari 2024

Hakuna kazi. Nimekwenda kutazama mashindano ya saa 24 za Dubai, yanayofanyika hapo Autodrome tangu mwaka 2006. Wenzangu walikuwa wanatazama magari yakipitana. Mimi nilikodoa macho kwenye magurudumu. Usiku diski zinawaka kama makaa ya mchoma mahindi kila zinapofika mwisho wa ule mnyooko, kisha zinazimika, kisha zinawaka. Nililala saa nne asubuhi ya pili yake, kazini nikasema nina mafua.

27 Januari

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Koilova, kemba, pedi, na matairi mapya ya kushika zaidi, saizi ileile 215/45 R17. Gari lilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP, matairi ambayo hata baadhi ya Prius, gari la kubana petroli, zilifungiwa, na Toyota walifanya hivyo makusudi ili lichezecheze kwa spidi ndogo. Kucheza kuzuri, ila mimi napimwa kwa saa.

Muda wenyewe wa mzunguko siutaji, kuna watu wa Mombasa watasoma hapa. Nitasema tu kwamba umepungua sekunde tatu na nusu kulinganisha na Oktoba, kwenye sakiti ya kilomita 2.46, bila farasi hata mmoja kuongezwa. Ngapi ni za matairi, ngapi ni za koilova na ngapi ni zangu? Nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo, kwa hiyo siwezi kuapa. Ningekuwa na subira ningebadilisha moja moja. Kwa kukisia, nusu ni matairi.

Upepo wa matairi umenifundisha zaidi ya nilivyotegemea. Nilianza na psi 32 yakiwa baridi. Baada ya mizunguko mitano yakawa 40, gari likaanza kuteleza kama limepakwa samli. Nikapunguza hadi 35 yakiwa moto, likarudi. Yalipopoa usiku yakasoma 27. Sasa ndipo naanzia, 27 baridi, na kila nikitoka napima kabla hata sijavua helmeti. Pia nachora mistari ya chaki ya viatu kwenye bega la tairi: chaki ikifutika hadi pembe, upepo ni mdogo; isipoguswa, ni mwingi.

Nati za magurudumu: nyutoni-mita 120, kwa spana ya kupimia, kabla ya kuingia na tena baada ya mzunguko wa kwanza wa siku. Leo mbili zilikuwa zimelegea robo zamu.

10 Februari

Pedeli ndefu imerudi. Moyo ulishuka kabla ya mguu. Lakini safari hii si kila mara: ni kwenye kona moja tu, ile inayofuata ukingo wenye meno ya rangi nyekundu na nyeupe ninaoupanda kwa gurudumu la kulia. Nikigusa mara mbili pedeli inarudi juu, ngumu kabisa.

Tulitoa hewa. Hakukuwa na hewa. Nikatoa tena kwa ukaidi, chupa nyingine ya mafuta imekwenda. Ami akashika tairi la mbele la kulia juu na chini, akalitikisa. "Sikiliza." Kulikuwa na mlio mdogo, tk, tk, kama mtu anayetafuna mbegu za tikiti.

Beringi. Gurudumu likipiga ukingo, hab, kile kitovu gurudumu linapofungwa, inayumba, diski inakwenda nayo na kuzisukuma pedi na pistoni zirudi nyuma ndani ya kalipa. Ukija kukanyaga, kanyagio la kwanza linatumika kuzirudisha tu. Kwenye gari hili hab na beringi ni kipande kimoja kilichoshikwa na boliti nne, saa moja na nusu kazi imekwisha. Nimebadilisha zote mbili za mbele, maana zina umri mmoja na zimepigwa kwa pamoja.

Hata hivyo nimebaki na tabia mpya: kabla ya kila kona kubwa naigusa pedeli kidogo kwa mguu wa kushoto. Nikilipata jiwe pale juu, naendelea.

2 Machi

Ya mwisho kabla ya Ramadhani, inayotegemewa kuanza tarehe 11. Jioni, nyuzi 25, raha tupu. Nilikaa kwenye sakiti dakika 30 bila kutoka kwa sababu foleni ilikuwa fupi na wasimamizi walikuwa wakarimu.

Breki zilishika mwanzo hadi mwisho. Niliporudi nilinusa mpira. Vile vimfuko vya mpira vinavyozuia vumbi lisiingie kwenye pistoni za kalipa vimekauka na kupasuka, na kile kibandiko cha kupimia joto nilichokibandika kwenye kalipa kimekuwa cheusi hadi mraba wa nyuzi 232. Diski zinavumilia, pedi zinavumilia, mafuta bado, lakini mpira umekata tamaa. Basi joto linatakiwa litolewe, maana kulivumilia kuna mpaka.

Tumeondoa bati la vumbi nyuma ya diski na kutengeneza jipya lenye mdomo, na kutoka hapo mpira wa upepo wa inchi 3 unakwenda mpaka kwenye tundu la taa ya ukungu. Taa za ukungu nimezifungua na kuziweka kabatini, zitarudi siku ya ukaguzi. Vifaa vyote ni vya kazini kwangu, vipande vya bomba la kiyoyozi na vibanio. Miaka minne nikipeleka upepo kwenye vyumba vya watu, hatimaye nimeupeleka mahali ninapopenda. Seti ya mipira ya kalipa na grisi yake haikufika hata dirhamu 150.

20 Aprili

Sikutegemea kuandika mpaka Oktoba. Tarehe 16 mvua ilinyesha Dubai ambayo sisi tuliozoea masika ya Mombasa tuliikubali kuwa ni mvua. Barabara zikawa bahari, magari yakaelea, kazini hatukwenda. Gari langu lilikuwa gerejini kwa Ami, juu ya jukwaa la saruji la futi moja hivi kwa ajili ya kubadilishiwa mipira, na ni bahati tu, hakuna aliyepanga. Maji yaliishia katikati ya matairi.

Leo tumelikagua. Ndani kavu. Diski zina kutu rangi ya mchuzi, ile inayotoka kwa kukanyaga breki mara tano. Mirija yangu ya upepo ilijaa matope mpaka juu, maana mdomo wake uko chini ndipo maji yalipo. Ami akayamwaga kwenye ndoo, akamtoa humo kambare mdogo wa plastiki, mwanasesere wa mtoto wa jirani, akaniuliza kama na hiki nacho ni kipuri cha mbio.

Mafuta ya breki tumemwaga yote na kutia mapya, sikutaka kukisia. Hab za nyuma zimezama maji nusu siku, na nikizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, sikio kwenye springi, nasikia kama mchanga. Nimeagiza zote mbili. Bajeti ya dirhamu 6,000 ilikwisha tangu Januari, nami nimeacha kuandika jumla. Binamu yangu amekalia usukani, mguu kwenye pedeli, ananingoja niseme kanyaga.